Safu ya Asili

Jumatatu, 1 Machi 1993

Ofisini saa moja na nusu. Chef, mkuu wangu, bado. Nimepangusa meza, nimechonga penseli mbili, nimefungua daftari kubwa la patenti, zile leseni za biashara. Hadi saa sita wamelipa watu watatu tu. Kampuni ya madini haijatoa mishahara tangu kabla ya Noeli. Kampuni ikikauka, Kolwezi nzima inakauka: mwuza samaki, kinyozi, fundi wa viatu. Chef analalamika kwamba komine, halmashauri yetu, inataka fedha. Sijui anataka nizitoe wapi.

Mchana nimeandaa somo la kesho kwa akina mama wa soko, kwenye ukumbi wa parokia. Nimeandika hivi:

Mapato: fedha yote inayoingia kwa kazi yako. Usicheke bado.

Gharama: yote uliyotoa ili mapato yaingie. Usafiri, mifuko, chumvi ya samaki, hata mafuta ya taa.

Faida: mapato ukitoa gharama. Hapo ndipo ucheke, kama kuna cha kuchekea.

Nimeridhika na maelezo yangu. Mimi huridhika upesi na nilichokiandika.

Daftari linapendeza mwaka huu. Januari niliongeza safu mpya, kwa akili yangu mwenyewe, baada ya ile aibu ya akina Ilunga. Tuna Ilunga André wawili. Mmoja anauza samaki wa chumvi sokoni, mtu wa kaskazini ya mkoa huu kama mimi. Mwingine ana mashine ya kusaga mahindi hapa Kapata, mtoto wa Mkasai aliyeletwa zamani na kampuni kutoka mkoa wa Kasai kuchimba madini. Mwaka jana yule wa mashine alilipa, malipo yakaingia kwa yule wa samaki, na faini ikamwangukia aliyelipa. Na huyo ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yangu Odette. Nilitaka ardhi inimeze.

Kwa hiyo nikachora safu: Asili. Kaskazini, Kasai, Lunda, wengine. Huku kwetu mtu akisema Ilunga, swali la pili ni "wa fasi gani?", yaani wa pande zipi. Nikaliandika swali hilo kwenye daftari. Chef alinisifu mbele ya wote.

Jumanne, 2 Machi

Somo limeenda vizuri. Wamama kumi na tisa, na mwanamume mmoja: Ilunga wa mashine. Anakaa nyuma, magoti yanagonga benchi, unga kwenye nyusi. Wamama wanamtania kwamba amekuja kutafuta mke wa pili mwenye hesabu.

Mfano wa leo ulikuwa mashine yake. Watu wanasaga, wanalipa: mapato. Mafuta, mkanda, mshahara wa msaidizi: gharama. Mama Véro wa samaki akasema kinachobaki ni faida, basi. Nikasema bado. Mashine inazeeka. Kila gunia linalopita linakula kidogo cha chuma. Huo ni uchakavu. Mwenye akili anautoa kila mwezi kama gharama, ingawa hakuna mtu anayekuja mlangoni kuudai. Ilunga akafurahi sana. Akasema miaka kumi na moja amekuwa akila mashine yake bila kujua.

Kisha kodi. Patenti si kodi ya faida. Patenti ni ruhusa: unalipa kwa kuwa unafanya biashara, upate usipate. Kodi ya faida inakuja baadaye, juu ya kilichobaki. Mama Véro akauliza, na asiyebakiwa na kitu? Nikasema halipi ile ya pili. Wakapiga makofi, wakasema basi wote wako huru. Nilicheka nao.

Ilunga amenisindikiza hadi nyumbani. Amemletea Odette kalamu ya bluu.

Ijumaa, 5 Machi

Maneno yanazidi. Yale ya Likasi ya mwaka jana, Wakasai walipofukuzwa majumbani, yanatajwa waziwazi, hata kwenye foleni ya maji. Vijana wanaimba kwamba Wakasai waende kwao. Wengi wa hao vijana baba zao wamesimamishwa kazi kwenye kiwanda cha Kingamyambo, wanashinda barabarani. Njaa inatafuta mtu wa kumlaumu, na imempata.

Saa tisa Chef ameniita. Anataka nakala safi ya daftari la patenti. Majina, kazi, barabara, namba ya nyumba. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, akitazama dirishani: bale ba Kasai tu, wengine acha.

Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya "service", mambo ya kikazi.

Nilisema sawa.

Jumamosi, 6 Machi

Nimekaa ofisini peke yangu asubuhi yote. Nakala inatakiwa Jumatatu.

Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Ninajua ni ya nini. Nilijua jana kabla Chef hajamaliza sentensi. Ofisi ya kodi haihitaji orodha ya watu wa kabila moja. Patenti ni ile ile kwa wote.

Bila safu yangu wasingeipata. Wangekuwa na majina tu, na majina yetu na yao ni yale yale. Ilunga, Kabongo, Mutombo, Ngoie. Mtu hawezi kumjua Mkasai kwenye karatasi kwa jina la Ilunga. Mimi ndiye niliyewawezesha. Wala sikulazimishwa. Wala sikulipwa. Nilifanya kwa kupenda usafi.

Ningeweza kuwatofautisha kwa namba ya nyumba. Au mwaka wa kuzaliwa. Mwaka ulikuwepo hapo hapo, safu ya tatu. Sikufikiri.

Saa nne nimefika kwenye mstari wa Ilunga wa mashine. Ninaweza kubadili neno moja. Kasai iwe kaskazini. Nani atamjua? Lakini daftari la fedha halifutwi. Ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa: hakuna kifutio, hakuna kukwangua. Ukikosea unapiga mstari mwekundu, unaandika lililo sahihi juu yake, na pembeni unaweka jina lako na tarehe. Ili ajaye ajue nani alibadili.

Ningeweza pia kumruka kwenye nakala. Basi tu, nisimwandike. Lakini Chef ana tabia ya kuhesabu. Angeona nakala hailingani na daftari. Angeuliza nani amekosekana.

Kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Niliishika, nikafungua kifuniko chake. Nikafikiria jina langu hapo pembeni, limeandikwa vizuri, mtu akiliwekea kidole.

Nikafunga kifuniko. Nikaandika Ilunga André, mashine ya kusaga, barabara yake, namba yake. Kwa mwandiko ule ule mzuri.

Mwoga. Sina neno lingine.

Jumatatu, 8 Machi

Nimekabidhi. Kurasa nne. Jumla ya nakala imelingana na daftari. Chef amehesabu kama nilivyojua, kwa ncha ya kidole, akasema: "Uko muntu ya kazi."

Jumanne, 9 Machi

Nilikuwa na nafasi ya mwisho leo, nimeiacha ipite.

Somo: mali na madeni. Nimechora mstari katikati ya ubao. Kushoto, mali: vitu ulivyo navyo. Kulia, ulivipata vipi: mtaji wako mwenyewe, na vya watu unavyodaiwa. Pande mbili lazima zilingane. Zisipolingana kuna kitu umeficha au umesahau. Nilipolisema hilo nilimtazama Ilunga bila kutaka.

Yeye alinyoosha mkono. Akauliza mtu akihama mji, mashine anaiandika kwa bei aliyonunulia au kwa bei atakayouzia. Nikajibu kama mwalimu. Bei ya kununulia, utoe uchakavu. Akaandika. Basi anajua. Ana wasiwasi, anapiga hesabu za kuondoka.

Baada ya somo tulitembea wote wawili hadi kwenye kona. Hatua mia mbili. Nilikuwa na la kusema: uza leo, mpeleke mkeo kwa mapadri leo, usilale nyumbani. Maneno tisa. Badala yake nimemweleza tena uchakavu.

Mama Odette, mke wangu, ameniuliza kwa nini sisemi nyumbani. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 11 Machi

Wamekuja saa moja asubuhi.

Nilikuwa njiani kwenda kazini. Vijana kama thelathini, wengine na fimbo, wengine na mapanga. Mmoja mbele ana karatasi. Nimezijua karatasi zile kwa mbali, kwa jinsi nilivyozikunja pembeni.

Wameanza kwa nyumba ya Ilunga wa samaki, wakifuata jina tu. Yule wa kaskazini. Alitoka mikono juu. Yule wa karatasi akasoma tena, akafuata mstari kwa kidole, akasema: "Pardon tata, haiko wee. Ni ule wa moulin, wa mashine." Wakaondoka kwa adabu, mmoja alirudishia mlango.

Safu imefanya kazi yake. Baada ya hapo hawakukosea hata nyumba moja.

Kwa Ilunga wa mashine hawakugonga. Nilisimama nyuma ya watu. Kulikuwa na majirani wengi, wote tumesagiwa na mtu yule, na wote tulisimama. Walitoa magodoro, sufuria, cherehani ya mkewe. Ilunga aliomba dakika tano achukue vyeti vya watoto. Walimpa. Mashine yenyewe walishindwa kuing'oa, wakakata mkanda na kuchukua mota. Mwanamke mmoja, ambaye simtaji hata hapa, alijaza kanga yake unga uliomwagika.

Ilunga aliniona. Nina hakika. Macho yake yalipita kwangu kama yalivyopita kwa wengine.

Nimeenda ofisini. Nimefanya kazi hadi saa tisa.

Ijumaa, 12 Machi

Hakuna mtu aliyekuja kulipa patenti.

Jumapili, 14 Machi

Padri amesema juu ya walio kwenye stesheni ya treni. Wamejaa hadi nje, kwenye nyasi kando ya reli, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mvua inawanyeshea. Kuna waliokufa. Ameomba vyakula. Mama Odette alitoka kanisani moja kwa moja, akapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akafunga kwenye kitambaa, akaniambia twende.

Nikasema nina homa.

Ameenda na Odette. Waliporudi, Odette alikuwa amelia. Anauliza msimamizi wake amekosa nini. Mama Odette alisema, muulize baba yako, yeye ni mtu wa ofisi. Mke wangu hajui lolote. Amesema tu. Nilitoka nje, nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Jumatatu, 15 Machi

Nimemwambia mke wangu. Yote, tangu Januari. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua. Mwishoni aliniuliza jambo moja: Jumanne ulitembea naye, ulimwambia nini? Nikasema, hesabu.

Ameinuka na ungo wake akaenda jikoni. Hatujasemezana tena.

Jumatano, 17 Machi

Nimeenda stesheni.

Niliomba ruhusa kwa Chef, nikasema nampeleka mtoto dispensari. Njia nzima nilipanga maneno. Nitasema ni mimi. Nitasema nisamehe. Nitasema kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, maana Kifaransa kingenisaidia kujificha.

Ukimbizi unaunusa kabla hujauona. Moshi, kinyesi, nguo zilizolowa. Mahema ya mifuko ya mbolea. Niliona watu wa daftari langu, mmoja mmoja. Kinyozi wa ukurasa wa pili. Mwalimu mstaafu aliyekuwa anauza daftari na kalamu. Mjane wa duka la mafuta ya taa, ambaye hakuwahi kuchelewa kulipa hata siku moja. Walinisalimu. "Yambo, tata percepteur." Bwana mtoza kodi: walinisalimu kwa heshima.

Ilunga alikuwa amekaa juu ya sanduku kando ya reli. Ndevu zimeota nyeupe, sikujua kwamba zina mvi. Mkewe, Mama Ngalula, alikuwa anapuliza moto. Aliniona, akageuza mgongo, akaendelea kupuliza.

Ilunga alinipa nafasi kwenye sanduku. Nikakaa. Nikafungua kinywa. Yeye akatangulia.

"Tata Odette, ile liste ya majina niliiona. Ni mukono yako."

Nikaitia mikono yangu mifukoni.

"Mukono yako ni muzuri. Muntu yote ku Kapata anaijua. Bale batoto balikuwa banasoma bila kukwama."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru. Alisema kama mtu anayeeleza mashine ilivyoharibika. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vya watoto wawili tofauti wa kiume, vimekatwa nyuma ili vimwingie.

Akasema Kasai hajawahi kuiona. Amezaliwa hapa, hospitali ya kampuni. Lugha ya baba yake anaisema kama mtoto. Hata hivyo atafungua mashine nyingine huko, na serikali ya huko itataka kujua kama ameacha deni la kodi huku.

"Niandikie attestation. Ya kusema sina deni ya l'État. Nililipa yote, si unajua?"

Nikasema ninajua. Ndilo neno pekee nililomwambia kwa sauti siku ya leo.

Alhamisi, 18 Machi

Hati ya kutodaiwa: karatasi ambayo ofisi ya kodi inathibitisha kwamba mtu ametimiza wajibu wake wote, na serikali haina la kumdai. Wamama waliniuliza juu yake mwezi uliopita. Niliwaambia ni cheti cha heshima cha mfanyabiashara.

Nimemwandikia Ilunga. Nimerudi nyuma miaka kumi na moja ya daftari. Hakuna mwaka aliochelewa. Mwaka ule wa kosa letu alilipa hata ile faini isiyokuwa yake, kisha akangoja miezi saba turekebishe. Sikuwa ninakumbuka kwamba alilipa. Iko hapo, kwa mwandiko wangu.

Chef amecheka. Akasema hao wanaondoka na bado wanataka mihuri. Lakini amepiga muhuri. Chef hupenda kupiga mihuri.

Nimempelekea saa kumi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto. Alisema aksanti. Ningetukanwa ningelala vizuri zaidi.

Nilitaka kuomba msamaha sasa. Nikasema: "Weka sahihi hapa chini, ya kwamba umeipokea." Akaweka.

Jumanne, 23 Machi

Wamama sita darasani. Wengine wako stesheni, wengine wanaona haya, wengine wanauza vitu ambavyo wiki mbili zilizopita havikuwa vyao.

Somo lilikuwa deni lisilolipika. Mtu anakudai au unamdai, kisha hapatikani tena. Huwezi kuliacha kwenye hesabu milele ukijidanganya kwamba ni mali. Unaliondoa, unaandika hasara, unakubali.

Mama Véro aliuliza kama mwenye deni ndiye aliyebaki, na mwenye kudai ndiye aliyeondoka, inaandikwaje. Sikujua kama ana maana yake au anauliza tu. Nilisema tutaliangalia wiki ijayo. Nimemwambia Padri nasimamisha masomo. Nimesema ni homa.

Ijumaa, 2 Aprili

Treni imeondoka jana mchana. Mabehewa ya madini, yasiyo na paa. Mama Odette alienda kuwaaga. Amesema mtoto mdogo wa Ilunga alikuwa anakohoa, na kwamba Mama Ngalula hakulia. Zaidi hakusema. Sikuuliza.

Sikwenda. Safari hii sikutafuta hata sababu.

Jumatatu, 5 Aprili

Mwisho wa robo ya kwanza. Tunafunga hesabu. Wafanyabiashara walioacha kazi lazima waondolewe kwenye daftari, la sivyo komine itatudai patenti zao. Kuna fomu yake. Jina, kazi, namba ya patenti, tarehe ya kuacha. Safu ya mwisho: sababu ya kuacha.

Nimeuliza Chef niandike nini. Amesema, andika kwa hiari yake.

Nimeandika. Kinyozi, kwa hiari yake. Mwalimu mstaafu, kwa hiari yake. Mjane wa mafuta ya taa, kwa hiari yake. Fundi wa redio, fundi wa viatu, mwuza vitenge na dada yake. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Mkono unazoea. Baada ya muda hausomi tena unachokiandika.

Kwenye ukurasa wa tatu nilifika kwa Ilunga André, mashine ya kusaga. Nikaandika jina, kazi, namba, tarehe. Safu ya mwisho niliiacha wazi. Nikaendelea na mwingine. Sikufanya zaidi ya hapo. Nafasi tupu ya upana wa vidole vinne.

Saa nane Chef amepitia fomu. Amepita na kidole chake hadi hapo, kikasimama. Akaniuliza huyu vipi, sababu yake nini.

Nikasema: "Sijui, Chef."

Hakukasirika. Amechukua kalamu yangu mkononi mwangu, akajaza nafasi ile mwenyewe: kwa hiari yake, kwa mwandiko wake mbaya. Akanirudishia kalamu.

Nikamwambia aksanti. Kisha nikaendelea na ukurasa wa nne.